Mgahawa wa uchochoroni, Forodhani au juu ya paa: ukija Unguja ule wapi?

Dada yangu, mtoto wa mama mdogo, anakuja mwezi ujao kutoka Uingereza, miaka 11 hajakanyaga Unguja, anakuja na mume wake na watoto wawili ambao Kiswahili wanakisikia lakini hawakijibu, na suali la kwanza alonitumia si la joto wala la nauli ya boti, kaniuliza "kaka, tukifika tule wapi?" Nikaanza kumjibu kwa voisi, voisi ikawa ndefu mpaka nikaikata, nikaona bora niandike kabisa maana si yeye peke yake, kila anaekuja likizo kutoka Maskati au Dubai huniuliza hivo hivo, na hata sie wa hapa hapa siku hizi ukimwambia mtu twende tukanywe chai anakuuliza wapi, sehemu zimekuwa nyingi.

Nalinganisha sehemu tatu. Ya kwanza mgahawa mdogo wa kizamani wa mtaani, ule wa meza nne tano na mabenchi. Ya pili Forodhani usiku, ile bustani ya mbele ya bahari ya Mji Mkongwe yenye meza za vyakula. Ya tatu hizi hoteli za juu ya paa za Mji Mkongwe. Vibanda vya chipsi kuku siviingizi kwenye mashindano, vipo kila mtaa kuanzia Amani mpaka Mwanakwerekwe, vinashibisha, lakini mtu hatoki London kuja kula chipsi. Na nasema mapema kuwa moyo wangu uko kwenye mgahawa, ila mgahawa si wa kila mtu na si wa kila saa, na pale usipofaa ntasema haufai.

Tuanze nao huo maana ndo wenye maneno mengi. Nnaousema mie uko uchochoroni nyuma ya Darajani, hauna kibao, watu wanasema tu "kwa Ami" na ukimuuliza mtoto yeyote pale atakuonesha. Meza tano zenye vitambaa vya plastiki vya maua, mabenchi ya mbao yaloshalainika kwa kukaliwa, ukuta nusu rangi ya mafuta ya buluu nusu chokaa, feni moja inayozunguka polepole, na jiko liko mbele kabisa mlangoni, hakuna kificho, unapita njia unaliona birika kubwa la chai juu ya makaa na anaesukuma chapati yuko hapo hapo unga umemjaa mikononi. Menyu hamna, menyu ni masufuria, unachungulia au unauliza. Asubuhi kuna chai ya maziwa ilopikwa kweli kweli kwa iliki na tangawizi, si ile ya kuletewa maji moto na kijifuko cha majani uchovye mwenyewe, kuna chai ya rangi kwa asotaka maziwa, kuna chapati, mandazi, siku nyengine vitumbua, boflo, yaani mkate, la kuchovya, maharage ya nazi, mbaazi za nazi, na supu ya ng'ombe ya ndimu na pilipili kwa walokesha bandarini au baharini. Mchana wali na mchuzi wa samaki na mchicha, Ijumaa pilau. Basi. Ikifika saa nane mchana mabenchi yashapandishwa juu ya meza na mtu anamwaga maji anadeki.

Sasa jambo linalonifanya niupende, na ndo jambo nnalotaka mtu alitizame kabla hajachagua, ni kuwa chakula pale kinaisha. Supu ukifika saa mbili na nusu asubuhi huna bahati nayo. Mbaazi mwisho saa nne, tena nne yenyewe ni ya kubahatisha. Mwanzo nilikuwa naudhika, nshawahi kutoka Kikwajuni kwa miguu kwa ajili ya mbaazi tu nikaambiwa "zishakwisha mwanangu, kuna maharage," nikamuuliza Ami kwa nini usiongeze sufuria la pili na watu wanarudi? Akanambia sufuria la pili likibaki ntalala nalo wapi, na anaekuja asubuhi nimpe kiporo? Zile mbaazi kaziroweka usiku wa jana, nazi zinakunwa alfajiri, tui la kwanza na la pili limekamuliwa hapo hapo, analopika leo linaliwa leo. Tangu siku hiyo kila nikiingia sehemu ya kula suali langu la kwanza ni hilo, hivi vitu vinaisha au vipo tu siku zote? Sehemu yenye karatasi ya vyakula hamsini na vyote vipo saa yoyote utakayokwenda, kuna friji kubwa nyuma pale, na vyengine vimekaa humo muda.

Na ukila kwa Ami unajua bahari ikoje bila ya kwenda pwani. Yeye hununua pale pale Darajani, soko lipo tangu 1904 na mnada wa samaki unaanza asubuhi, ananunua kilichoingia. Kusi likivuma, ule mwezi wa sita mpaka wa tisa, kuna siku ngarawa hazitoki na samaki akipatikana bei yake haishikiki, basi unaingia mchana unaambiwa leo hakuna samaki, kuna maharage na mchicha. Hakuna anaelalamika. Kaskazi ikitulia jodari anarudi, nguru anarudi. Pweza vile vile anakwenda na maji: kwenye bamvua bahari inakupwa mbali mwamba unabaki wazi, kina mama wanatoka na vijiti vyao kuchokoa mashimoni, na hizo ndo siku za pweza wa nazi kwa Ami, anapigwa kwanza akalainika halafu anapikwa na tui zito, na maji mafu yakiingia, bahari haikupwi mbali tena, ndo kwaheri mpaka bamvua jengine. Hoteli ya paani pweza yupo kwenye menyu siku 30 za mwezi. Sisemi mbaya, pweza akigandishwa hata analainika zaidi, lakini kama dada yangu anataka kuwaonesha wanawe nyumbani kukoje basi naona kheri waambiwe siku moja kuwa leo pweza hakuna na waelezwe kwa nini.

Bei sasa. Wiki ilopita nimekula kwa Ami chapati mbili, maharage na chai ya maziwa, sikufika elfu tatu. Mchana wali samaki ni elfu nne, tano ikiwa kipande kikubwa. Forodhani tulikwenda watu wanne, wawili watoto, tukala Zanzibar pizza na mishkaki na miwa, elfu arubaini ikaondoka na mdogo bado anataka ya Nutella na ndizi. Juu ya paa nilipelekwa na rafiki yangu alopandishwa cheo, watu wawili, sahani moja moja na juisi, ilipita laki moja na hatukula kitu cha mwisho, na bei zenyewe wakati ule zilikuwa zimeandikwa kwa dola. Kwa hiyo kwa bei hakuna hata cha kulinganisha, familia ya watu wanne kwa chakula kimoja cha paani inakunywa chai kwa Ami wiki nzima na zaidi. Lakini dada yangu hakuniuliza wapi rahisi, na mtu alokuja likizo ana bajeti yake, kwa hiyo pesa peke yake isiwaamulie.

Forodhani nako tusikuonee. Kuna watu wa mjini wanasema Forodhani pa watalii tu, mie sikubali. Nenda baada ya magharibi siku ya Ijumaa au Jumamosi utawaona watu wa mitaa ya Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, wamekuja na watoto wao, wamekaa kwenye ukuta wanakula urojo, watoto wanakimbia kwenye bustani, na jioni kabla jua halijatua kuna makachu, wale vijana wanaoruka baharini kutoka ukutani kwa mikogo, kila mmoja na staili yake, watoto wa dada yangu najua hapo watasahau simu zao. Bustani ilifanyiwa matengenezo makubwa na watu wa Aga Khan ikafunguliwa tena 2009, sakafu nzuri, taa zipo, na mbele yako lile jumba la kale la Beit el Ajaib, ingawa inauma kulitizama tangu liporomoke sehemu yake Disemba 2020. Ukitaka kuwapa wageni mji wote kwa usiku mmoja, kelele, moshi, upepo wa bahari, Forodhani hakuna mpinzani, kwa Ami hutopata hata robo ya hayo.

Chakula chake ndo uchague. Zanzibar pizza nzuri kwa sababu inasukumwa na kukaangwa mbele yako, unga mwembamba kama karatasi, kima, kitunguu, yai, inakunjwa inatiwa kwenye tava, unaila ya moto. Juisi ya miwa inakamuliwa mbele yako na ndimu na tangawizi. Urojo pia, embe na ndimu zake, bajia, kachori, kiazi, chatne ya nazi na chipsi za muhogo juu, ingawa kwa urojo hasa mie hutoka nikenda kuutafuta Vuga au kwa kina mama wa mitaani wanaouza barazani kwao jioni, kila mtu wa mjini ana wake na ukimtukania wake mnagombana. Ninachokiogopa Forodhani ni ile mishkaki ya samaki na kamba na ngisi ilopangwa mezani kama maonesho, ishachomwa kitambo inangoja mtu, ukiagiza inarudishwa motoni inapashwa. Hiyo haiishi. Tena nimekaa siku moja mpaka wanafunga nikaona inavofungashwa, ikenda wapi sijui lakini haikumwagwa. Rudi kwenye lile suali langu utaona mwenyewe cha kula na cha kuacha.

Jengine la Forodhani ni bei ya mdomo. Dada, uso wako wa Kizanzibari lakini mume na watoto wataongea Kiingereza, na hapo bei inapanda, mie mwenyewe nilikuwa na mgeni nikatajiwa mara mbili ya nilolipa peke yangu wiki ya nyuma kwenye meza ile ile. Nilisikitika kuliko nilivokasirika, kwa sababu mgeni aliona. Dawa yake ndogo tu, uliza bei kabla hujanyoosha kidole, uliza kwa Kiswahili, na kila kitu mbali mbali, usiambiwe "usijali bosi tutahesabu mwisho".

Hoteli za paani. Nazisifu kwa matatu. La kwanza upepo, kama umekuja mwezi wa pili na joto la kaskazi uchochoroni hakuna pumzi, juu kule unapumua. La pili macho, unauona Mji Mkongwe mabati yote yenye kutu na minara ya misikiti na ile minara miwili ya kanisa la Minara Miwili na bahari nyuma na majahazi yanaingia, na ikifika magharibi adhana zinaanza huku na kule moja inaipokea nyengine, huwezi kuisikia vile ukiwa chini, mie nilokulia hapa nilinyamaza. La tatu utulivu, hakuna anaekuita, unakaa masaa matatu hakuna anaekutizama kwa jicho la "umemaliza?" Kwa Ami ukimaliza unainuka, kuna mtu kasimama na sahani yake anangoja nafasi, ndo adabu ya pale. Kwa hiyo wewe na mumeo mkitaka kukaa wenyewe mkazungumza, waacheni watoto kwa mama, nendeni paani. Pale Emerson ya Hurumzi mnakaa chini kwenye mito kama nyumbani kwa wazee wetu, ila muweke nafasi mapema, siku za msimu hampati.

Chakula chenyewe cha paani kizuri lakini kimepozwa. Pilipili wameitoa, chumvi wameiogopa, samaki wa kupaka kaja na majani ya saladi na ndimu ilokatwa kama ua. Na unangoja. Tulingoja karibu saa nzima, nikasema labda kweli wanapika upya basi bora, sikulalamika. Na ngazi! Mama mkubwa na magoti yake usimpeleke, zile ngazi za nyumba za zamani zimesimama wima na giza na kila ghorofa unasema hii ndo ya mwisho. Na jueni pia nyingi zinauza ulevi, kama mnakwenda na wazee waulizeni kwanza, wengine hawakai.

Usafi. Najua hili ndo linalomtia wasiwasi shemeji yangu, aliwahi kuugua tumbo safari ile ya kwanza. Watu wengi wanaangalia ukuta na meza, wanaona kwa Ami rangi imebanduka wanasema pachafu, wanaona paani kitambaa cheupe wanasema pasafi. Mie naangalia moto. Sufuria linalochemka tangu alfajiri na linaisha saa nne, hapo ugonjwa unaingilia wapi? Chai imechemka, maharage yamechemka, chapati imetoka tavani sasa hivi. Hata hivo ntasema ukweli wa kwa Ami pia: gilasi zilikuwa zinasuuzwa kwenye ndoo moja asubuhi nzima, maji yamegeuka rangi, na nilimwambia kwa adabu, bila ya mtu kusikia, nikamwambia Ami hili linakupotezea watu, akanisikiliza, akavuta bomba mpaka pale pa kuoshea na sasa zinaoshwa kwa maji yanayotiririka. Migahawa mengine bado ndoo. Kwa hiyo tizama pa kuoshea kabla hujakaa, maji ya kunywa nunua ya chupa ilofungwa, kachumbari waachie wenyeji siku mbili tatu za kwanza, na kilichobaki kula bila ya hofu.

Sasa dada hili la kina mama lazima nilisemee maana we ni mwanamke na mie siwezi kukwambia nenda halafu ukakaa ukajihisi. Migahawa ya kizamani asubuhi ni ya wanaume. Hakuna alieandika sheria, ndo ilivyokuwa, wachukuzi, wavuvi, mafundi, wazee wanaotoka msikitini, benchi moja watu watano bega kwa bega. Kina mama wa mtaani wananunua wakaondoka, watoto wanatumwa na hotpoti na bakuli, "Ami, mama kasema maharage ya elfu na chapati nne." Baadhi ya migahawa ina chumba cha nyuma chenye pazia kwa familia na kwa Ami kipo, kidogo, meza mbili, joto, lakini mtakaa kwa raha zenu. Mchana mambo mepesi zaidi, wafanyakazi wa maofisini wake kwa waume wanakaa. Na ipo migahawa ya kina mama wenyewe, yeye ndo mpishi yeye ndo mwenye droo, hapo hukuti benchi la wanaume watupu. Hapa Forodhani na paani zinaushinda mgahawa wazi wazi, mwanamke anakaa anapotaka hakuna wa kumshangaa, na natamani sana mgahawa nao ufike huko bila ya kupoteza vyengine.

Maana vyengine vyenyewe ndo hivi. Kwa Ami unakaa na usiemjua. Unasema salamalekum, watu wanasogea, unapata nafasi ya nusu mtu, na chai haijafika ushajua boti ya Pemba leo haikuondoka kwa sababu ya upepo, nani kafiwa na maziko saa ngapi na msikiti gani, umeme umekatika mtaa gani, karafuu zimeanza kuchumwa au bado. Marehemu babu yangu kifo cha rafiki yake wa skuli alikijua mgahawani, na akawahi maziko kabla hata mtoto wa huyo rafiki hajafika kutoka shamba. Kuna daftari la deni pale lililofungwa na mpira, mtu mshahara haujatoka anakunywa chai wiki mbili, hakuna anaemtolea sauti. Mzee mmoja hafiki tena, Ami anamtuma kijana na chupa ya chai na mandazi mawili kila asubuhi nyumbani kwake, sijawahi kuona pesa inarudi. Hayo hayamo kwenye bei ya elfu tatu. Forodhani kila usiku watu wapya, paani kila meza dunia yake, na si kosa lao, ndo kazi yao ilivo.

Kuna ya katikati ambayo watu wengi wanaimalizia shida hii nayo, Lukmaan pale Mkunazini kwenye mbuyu. Kaunta ndefu, vyakula vya kwetu vimepangwa, unaonesha unachotaka, mwenyeji yupo mtalii yupo mke yupo mume yupo, na usiku unakula. Kama dada yangu atachelewa kutoka uwanja wa ndege na watoto wanalia njaa, nawapeleka hapo siwatafutii mengine. Ni nzuri. Lakini mgahawa wa mtaani sio, pana nafasi kubwa na watu wengi, hakuna atakaekuuliza jana mbona hukuja.

Wakija Ramadhani mambo yanageuka yote. Mchana migahawa imefungwa, hakuna wa kuuliza, hoteli zinahudumia wageni wao ndani kwa ndani, na tafadhali watoto wasitembee wanakula njiani hata kama ni wadogo, ni heshima tu. Magharibi ndo mji unafunguka, kwa Ami kuna uji, tambi, muhogo wa nazi na samaki, mkate wa kumimina, anauza wa kuchukua zaidi maana kila mtu anafutari kwao. Forodhani inachelewa kujaa mpaka watu watoke tarawehe lakini ikijaa imejaa. Kama wana khiari ya tarehe, mwezi huo wale nyumbani, hakuna mgahawa wala paa litakaloshinda futari ya mama.

Na Pemba, maana shemeji anataka kuona Pemba siku mbili. Kule ulinganisho huu hauna kazi, hakuna Forodhani hakuna mapaa, kuna migahawa basi, na ndo maana mie nikienda Chake au Wete napumua. Umeshuka boti Mkoani umechoka na mawimbi, chai na mkate wa mofa hapo unarudi kuwa mtu. Msimu wa karafuu ukiwakuta, njia nzima mikeka imetandikwa karafuu zinaanikwa na harufu inaingia mpaka kwenye chai, wachumaji wana pesa na migahawa inajaa mpaka usiku. Pweza wa Pemba mie namweka juu ya wa Unguja, kuna vijiji kama Kisiwa Panza wenyewe wanafunga sehemu ya mwamba kwa miezi ili pweza akue ndo wafungue. Ila saa mbili usiku Chake imelala, mkipata njaa saa nne za usiku mtakula biskuti, nunueni mapema.

Kwa hiyo dada, mna siku nne mjini, nimeshakupangia. Siku ya kwanza mmefika jioni mmechoka, Forodhani, nyepesi, watoto waone makachu kama jua halijatua, pizza moja moja na miwa, samaki wa mezani msiguse. Siku ya pili wewe na mumeo paani magharibi, watoto wabaki kwa bibi yao. Ya tatu mchana kwa Ami wote, chumba cha nyuma, wali samaki, na ikiangukia Ijumaa basi pilau lakini mfike mara tu baada ya sala, watu wanatoka msikitini moja kwa moja wanaingia hapo.

Asubuhi ya nne niachie watoto. Nawachukua mie saa moja, tunakwenda kwa Ami sie watatu benchi la mbele. Nimefikiri sana kuhusu hawa watoto, Forodhani muuzaji atawaongelesha Kiingereza, paani menyu Kiingereza na weta Kiingereza, wanaweza kukaa Zanzibar siku nne wakala vizuri na Kiswahili chao kikarudi Uingereza kama kilivokuja. Kwa Ami hakuna wa kuwatafsiria na mie sitowatafsiria. Ami ni mpole, atangoja, ana wajukuu wa rika hilo hilo. Wafundishe maneno manne tu huko huko kabla hamjapanda ndege, salamalekum mlangoni, shikamoo Ami, halafu mkubwa aulize "mbaazi zipo?" na mdogo aseme "chai ya maziwa mbili." Saa moja kamili, usinicheleweshee watoto, maana zikiisha tutakuwa na maharage.